Tiba ya Muziki: Namna ya Kumsaidia Mgonjwa Nyumbani

Mgonjwa aliyepatwa na kiharusi anaporuhusiwa kutoka wodini na kurudi nyumbani, iwe ni mitaa ya Kayole, Umoja au South B jijini Nairobi, familia hukabidhiwa dawa, tarehe ya kliniki na maelekezo ya kunyoosha viungo. Ni nadra kuelezwa kwamba wimbo nao unaweza kufanya kazi katika kupona kwake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya familia hiyo, na pia kwa wanaomtunza mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu.

Tiba ya muziki ni huduma ya afya ambamo mtaalamu aliyeisomea hutumia sauti, mapigo na ala ili kufikia lengo aliloliweka pamoja na mgonjwa, kisha hupima kama lengo hilo linakaribia. Ilianza kuwa taaluma nchini Marekani baada ya wanamuziki kualikwa kuwapigia muziki askari majeruhi wa Vita vya Kwanza na vya Pili vya Dunia, na mwaka 1944 Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kikaanzisha masomo ya shahada katika fani hii. Kufungulia redio wodini ni jambo jema, lakini hiyo ni burudani. Kinachoifanya tiba kuwa tiba ni lengo, mpango na uhusiano kati ya mgonjwa na anayemhudumia. Kwa hiyo haya yanayofuata ni msaada wa kifamilia unaofuata kanuni za wataalamu, wala hayaondoi haja ya daktari au dawa.

Anza kwa kuandika lengo moja katika daftari, tena lengo linaloonekana kwa macho. “Mama apate nafuu” halitoshi. “Mama aombe maji kwa maneno” linatosha, kwa sababu baada ya wiki mbili kila mtu nyumbani ataweza kusema kama limetimia au la.

Hilo la kuomba maji linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwani hapa ndipo muziki huwashangaza wengi. Kwa watu wengi usemi hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, ilhali kuimba hushirikisha pande zote mbili. Ndiyo maana mgonjwa aliyeshindwa kutaja jina la mwanawe huweza kuimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani pamoja na maneno yake. Mwaka 1973 watafiti wa Boston walichapisha njia ya kuutumia wimbo kama daraja la kurudia usemi, na Gabrielle Giffords, aliyekuwa mbunge wa Marekani alipopigwa risasi kichwani Januari 2011, ni miongoni mwa waliojifunza kusema upya kwa msaada wa tiba ya muziki sambamba na tiba ya usemi.

Chagua kifungu kifupi anachokihitaji kila siku, kwa mfano “nataka maji”. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, maana mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: na-TA-ka MA-ji. Silabi zenye mkazo ziimbe kwa sauti ya juu kidogo, nyingine kwa sauti ya chini; noti mbili zinatosha. Kaa mbele yake ili auone mdomo wako, ushike mkono wake wa kushoto na kuugonga taratibu mezani, pigo moja kwa kila silabi. Kwanza vumisha mahadhi hayo bila maneno, kisha yaimbe ukiwa peke yako, kisha muimbe pamoja. Anapokuwa imara, ufifishe sauti yako katikati ya kifungu na umwachie amalizie. Hatua ya mwisho ni kumuuliza, “Unataka nini?” na kumsubiri, hata kama ukimya utakuwa mrefu, kwani kumkatiza kwa huruma humnyima nafasi ile ile tunayoitafuta. Dakika kumi na tano, mara mbili kwa siku, ni bora kuliko saa nzima inayomchosha. Ikiwa lugha yake ya nyumbani ni Kikamba au Dholuo, tumia hiyo kwanza, ukifuata mkazo wa lugha yenyewe.

Kwa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, kazi kubwa ni kuchagua nyimbo. Kumbukumbu zinazodumu zaidi aghalabu ni za ujana, takriban kati ya umri wa miaka 10 na 30, hivyo mzee aliyezaliwa mwaka 1950 usimtafutie nyimbo zilizokupendeza wewe, bali zile za miaka ya sitini na sabini: rumba ya Kongo, magitaa ya benga, taarabu iliyosikika kwenye redio ya Sauti ya Kenya, au nyimbo za jando, harusi na ibada za kwao. Waulize shangazi na marafiki zake wa zamani. Cheza wimbo mmoja mmoja huku ukitazama uso, miguu na mikono yake, na uandike kilichotokea. Kama ana kawaida ya kutaharuki kila jioni saa kumi na mbili, mchezee nyimbo hizo nusu saa kabla, si baada ya vurugu kuanza. Afadhali utumie nyimbo zilizohifadhiwa kwenye simu kuliko redio, kwa kuwa matangazo ya biashara yanayoingia ghafla humchanganya.

Mwenye ugonjwa wa Parkinson, yaani maradhi ya ubongo yanayovuruga mwendo wa mwili, ambaye hatua zake zimekuwa fupi na za kukwama hunufaika na mapigo yasiyobadilika. Hesabu hatua zake kwa dakika moja, utafute wimbo wenye mwendo huo huo, atembee akiufuata, na mtu awe kando yake wakati wote asije akaanguka.

Kwa aliyejaa wasiwasi au huzuni, usikimbilie wimbo wa furaha. Wataalamu huanza na muziki unaolingana na hali aliyo nayo mtu, kisha huubadilisha polepole kuelekea utulivu.

Muziki unaweza pia kudhuru. Wimbo uliopigwa msibani unaweza kufungua kidonda, na akilia kwa uchungu usiotulia, au akijikunyata, uzime na ukae naye. Wapo watu wachache ambao kifafa chao huamshwa na muziki. Sauti kubwa kama ya ndani ya basi la matatu haifai kabisa chumbani. Mgonjwa aweze kukusikia ukizungumza kwa kawaida, jambo ambalo majirani wa ghorofa moja nao watalishukuru.

Wataalamu waliosomea tiba hii bado ni wachache jijini, kwa hiyo anzia kwenye kliniki inayomhudumia mgonjwa na uombe kuonana na mtaalamu wa usemi au wa fiziotherapia. Anayejitambulisha kuwa mtaalamu wa tiba ya muziki mwulize amesomea wapi, ataweka lengo gani, na atalipimaje. Akikuahidi kwamba muziki utaponya kila kitu, tafuta mwingine. Siku ya miadi beba lile daftari: nyimbo zilizomgusa, zilizomsumbua, na maneno aliyoweza kuyatamka bila kuimba.