Jinsi ya Kumfuatilia Ndugu Yako Akipanda Kilimanjaro kwa Njia ya Lemosho

Naongoza wageni mlimani. Simu nyingi za wasiwasi zinazofika ofisini zinatoka kwa wazazi waliokesha wakitazama kidoti kinachoonyesha alipo mtoto wao kwenye ramani ya simu, na mara nyingi wakati huo mtoto huyo amekaa hemani anakunywa supu. Ukijua njia inavyokwenda, utalala.

Hatua ya 1: Chukua ratiba kabla hajaondoka
Omba jina la njia, kambi ya kila usiku, jina la kiongozi mkuu na namba ya ofisi ya kampuni. Namba ya ndugu yako peke yake haitoshi, maana simu huzimika kwa baridi. Kwa Lemosho ya siku 8, kambi ni Mti Mkubwa, Shira 1, Shira 2, Barranco, Karanga, Barafu, kisha Mweka wakati wa kushuka.

Hatua ya 2: Kubalianeni kuhusu ukimya
Mtandao mlimani unakuja na kuondoka. Pangeni kwamba usiku mmoja bila ujumbe ni kawaida, na usiku wa pili ndipo mpige ofisini. Mteueni mtu mmoja tu wa kupiga. Wajomba watano wakipiga kwa zamu wanamchosha mhudumu bure. Kama ana kifaa cha setilaiti, mwombe awatumie kiungo cha ramani yake kabla hajafika geti la kuingilia, Londorossi.

Hatua ya 3: Soma kidoti vizuri
Hapa ndipo wengi wanapohangaika. Siku ya 4 atapanda hadi Lava Tower, mwamba mrefu wa volkano ulio mita 4,600 hivi, halafu alasiri atashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Hajashindwa wala haumwi. Tunampandisha juu na kumlaza chini kwa makusudi, mwili uzoee hewa nyepesi. Kidoti kikiganda, tazama kwanza saa ya taarifa ya mwisho: huenda ni betri tu.

Msimhimize aongeze mwendo. Wanaokimbia ndio mara nyingi huumwa kichwa na kutapika. Akiwaandikia kwamba kichwa kinamuuma, mwambieni amweleze kiongozi papo hapo. Dalili zikizidi, dawa ni kushuka, na uamuzi ni wa kiongozi. Familia isimshawishi aendelee eti kwa sababu nauli imeshalipwa.

Hatua ya 4: Usiku wa kilele
Wanaondoka Barafu karibu saa sita usiku, na wengi hufika kilele cha Uhuru, mita 5,895, alfajiri au asubuhi. Msipige simu: mikono imo kwenye glavu nene. Picha anaweza kuituma siku hiyohiyo au baada ya kutoka getini.

Hatua ya 5: Siku ya kutoka
Atashuka hadi geti la Mweka, kwa kawaida kabla ya mchana au mchana wenyewe. Bando lake huenda limekwisha muda, kwa hiyo mnunulieni jipya asubuhi hiyo.