Uanze na remiksi au ngoma yako mwenyewe? Fanya moja ikuzalie nyingine

Swali hili naulizwa sana na wanaoanza muziki wa elektroniki, na jibu langu ni fanya remiksi (wimbo wa mtu unaoutengeneza upya), ila uifanye kwa namna ambayo ukitoa sauti ya mwimbaji kinachobaki ni ngoma yako. Mimi nilichelewa kulijua hili. Nilitoa remiksi kama tisa hivi za nyimbo zinazojulikana, ruhusa sina, wasikilizaji wakaja kweli, alafu siku moja lebo moja ndogo (kampuni ya kutoa muziki) ikaniandikia kwamba wamependa, nitume tatu za kwangu. Sina hata moja! Nikaomba wiki mbili, nikalipua vitu harakaharaka nikatuma, mpaka leo kimya.

Sio kwamba remiksi ni kazi ya kitoto. King Tubby, fundi mitambo wa sauti kule Jamaika, miaka ya 1970 alikuwa anachukua wimbo ulioshatoka, anapunguza sauti za waimbaji, anabakiza besi na ngoma na mwangwi, na huko ndo ulikotokea mtindo wa dabu. Na Grammy walipoanza kumpa tuzo mtengeneza remiksi mwaka 1998 wa kwanza kuibeba alikuwa dijei Frankie Knuckles wa Chicago. Kwahiyo heshima ipo, shida ni ukibaki hapo tu.

Hatua ya 1: Pata vokali (sauti ya mwimbaji) unayoruhusiwa kuigusa

Wimbo una haki mbili, ya utunzi yaani maneno na melodi, na ya rekodi yenyewe, ukiremiksi bila kuomba umegusa zote mbili kwa mpigo. YouTube wana Content ID inayotambua sauti yenyewe bila mtu kulalamika, kwahiyo usijidanganye kwamba we mdogo hutaonekana. Nenda tovuti ya ccMixter kuna akapela (vokali tupu bila vyombo) kibao, au subiri mashindano ya remiksi ambapo wanagawa stemu (vipande vya wimbo, kila chombo na sauti peke yake), au mtafute rafiki anayeimba (hii ndo bora, sababu nitaisema kwenye hatua ya 5). Soma leseni vizuri. Kwenye leseni za Creative Commons, ambazo mwenye kazi anaruhusu wengine waitumie kwa masharti, ukiona herufi ND usiguse, hairuhusu kusambaza kitu ulichokibadilisha, NC unaweza kuremiksi ila usiingize kwenye biashara, na BY maana yake umtaje mwenyewe.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya tempo (kasi) kabla ya kufungua sinthi (chombo cha elektroniki cha kutengeneza sauti) yoyote

Wengi wanaharibu hapa. Vokali ya BPM 90 (mapigo kwa dakika) ukiivuta mpaka 124 ya muziki wa hausi umeiongezea kasi karibu asilimia 38, inakuwa kama katuni, hata programu iwe nzuri vipi. Lakini vokali hiyohiyo ya 90 ukiihesabu kama 180, ukaipeleka kwenye mtindo wa drum and bass wa 174, umeipunguza asilimia 3 na kitu tu, hakuna atakayejua. Mimi nikizidi asilimia 10 naanza kuogopa, nabadilisha mtindo badala ya kuitesa sauti ya mtu.

Hatua ya 3: Futa kila kitu, bakiza vokali, weka kodi (noti zinazopigwa pamoja) zako

Ukipewa stemu zote kuna kishawishi cha kubakiza ile gitaa nzuri. Ifute. Wimbo wa asili usiusikilize tena wiki nzima kama unaweza, maana masikio yatakurudisha kulekule. Alafu tafuta vokali iko kwenye ki gani (noti ambazo wimbo umejengwa juu yake), tuseme A maina, mwimbaji anashikilia noti ya A na wenyewe waliweka kodi ya A maina chini yake, we weka F meja, noti ileile sasa imekuwa ya tatu ya kodi na huzuni inageuka kuwa kitu kingine kabisa. Weka D maina, sasa ni ya tano, imetulia. Hujamgusa mwimbaji lakini wimbo umehama nyumba! Cheza hapa siku mbili tatu, usiwe na haraka, kuliko kukesha unatafuta sampo (kipande cha sauti) ya kiki, ile ngoma kubwa ya chini.

Kiki na besi sitazungumza sana: zisigombane chini, besi ishuke kidogo kila kiki inapopiga, vokali ikate chini ya Hz 80 hivi, sauti za chini kabisa zibaki mono (sawasawa kushoto na kulia). Basi.

Hatua ya 4: Panga ukimfikiria dijei

Anahitaji nafasi ya kuunganisha, kwahiyo anza na baa 16 au 32 za midundo tupu (baa za muziki, mapigo manne kila moja, sio zile nyingine). Baa 32 kwa BPM 124 ni kama dakika moja, utaona ndefu ukiwa chumbani, kwa dijei ni kawaida. Malizia hivohivo.

Hatua ya 5: Zima vokali

Sasa bonyeza mute kwenye vokali na usikilize mwanzo mpaka mwisho. Ukichoka kabla ya dakika ya pili ujue mwimbaji alikuwa amekubeba, rudi hatua ya 3. Ikisimama yenyewe, hifadhi faili kwa jina jingine, pale palipokuwa na sauti andika melodi yako kwa sinthi (usiinakili ya mwimbaji, ile ni utunzi wa mtu), ongeza sehemu moja mpya, na hakikisha hakuna stemu yao iliyobaki popote. Tayari una ngoma yako. Na kama mwimbaji ni yule rafiki, mnaweza kuandika wimbo mpya kabisa juu yake, mkubaliane mgao kwa maandishi kabla haujatoka.

Hatua ya 6: Tuma

Ngoma mbili au tatu za kwako, linki ya siri ya kusikiliza, sio faili zilizobandikwa kwenye barua pepe, na usitume kwa lebo 50 kwa mkupuo huku kila mmoja anaona majina ya wenzake, nimeshaona mtu kafanya. Chagua tano ambazo ngoma zao ungezichanganya na yako bila kustuka. Wakikupa remiksi rasmi soma mkataba: mara nyingi rekodi inakuwa yao, we unapewa hela ya mara moja au asilimia kidogo, na utunzi unabaki kwa waliouandika. Mi nasaini hizo nikijua kabisa nafuata jina tu, na ngoma yangu ya hatua ya 5 naipanga itoke wiki chache baada ya remiksi, wakati jina bado liko midomoni.