Jicho Likichomwa: Hatua kwa Hatua, Kuanzia Gereji Hadi Chumba cha Upasuaji

Fundi anaingia jioni, leso mkononi. "Dokta, kuna taka imeganda humu, naifuta tangu asubuhi haitoki." Mimi ni muuguzi wa macho, ila hapo kila mwenye koti jeupe ni dokta. Namulika tochi. Ukingoni mwa kioo cha jicho kuna kitone cheusi, kama punje ya ulezi. Si taka. Ni ile nyama ya rangi inayoizunguka mboni, imechungulia nje kupitia tundu. Alichokuwa akikifuta tangu asubuhi ni jicho lake lenyewe.

Kwa hiyo mwongozo huu sehemu kubwa ni wa kujizuia. Jicho lililotobolewa huharibiwa zaidi na mikono yenye huruma.

Hatua ya 1: Uliza alikuwa akifanya nini

Uliza kabla hujaangalia. Alikuwa anagonga tindo? Anakata chuma kwa grainda? Anachanja kuni, anakaza waya wa uzio, anapita kwenye miiba? Kisha tazama bila kugusa: mboni imevutwa upande mmoja ikawa kama tone la maji; kuna kitone cheusi; kuna damu imetuama nyuma ya kioo; au uoni umeshuka ghafla. Dalili moja tu inatosha.

Usidanganywe na jicho lililotulia. Kichwa cha tindo kilichochakaa hutoa vipande vidogo vinavyoruka kwa kasi ya ajabu. Kipande kinapenya, tundu linajifunga, maumivu yanapoa, kesho mtu yuko kazini. Chuma kinabaki ndani kikishika kutu, na kutu hiyo inaua uoni polepole. Aliyekuwa akigonga chuma kwa chuma akahisi kitu kimemgonga jichoni, mchukulie ametobolewa mpaka picha ya eksirei iseme vinginevyo.

Hatua ya 2: Mikono mbali

Usisugue, usibonyeze, usifute. Msumari, mwiba au waya uliochoma na kubaki hapo, uache ulivyo. Huenda ndio umeziba tundu. Usimwagie maji. Najua umefundishwa kuosha jicho, na ni kweli kwa chokaa, tindikali ya betri au dawa ya kusafishia choo: hapo osha papo hapo, dakika 30 bila kukoma. Lakini jicho lililotobolewa haliogeshwi.

Usitie chochote. Si maziwa ya mama, si maji ya sukari, si majani, si ile dawa ya matone iliyobaki nyumbani. Dawa ya kupaka ndiyo mbaya kabisa, inaingia ndani na mpasuaji haoni anachoshona.

Nikiwa mwanafunzi niliwahi kumpanua kope kwa nguvu mtoto aliyekuwa akilia, nikitaka kuona vizuri. Yeye alikaza, mimi nikakaza, na majimaji ya ndani yakatoka mbele ya macho yangu. Tangu siku hiyo, mtoto akikataa kufungua simlazimishi. Nafunika, nampeleka akaangaliwe akiwa usingizini.

Hatua ya 3: Tengeneza kifuniko

Pamba na bandeji moja kwa moja juu ya jicho hapana, zinabonyeza. Tunataka kitu kigumu kisichogusa jicho. Chukua kikombe cha karatasi, au chupa ya maji ya nusu lita, ukate kitako chake kwa kina cha vidole viwili. Ukingo wa chupa unakata, uzungushie plasta mpaka uwe laini. Weka ili ukingo ukae juu ya mfupa wa nyusi na mfupa wa shavu, kisha bandika kwa plasta mbili za mshazari, kutoka paji la uso hadi shavuni. Mwambie afumbe na kufumbua: kope zikigusa kifuniko, tafuta kirefu zaidi. Kama kuna kitu kimechomoza, tumia kikombe kizima.

Hatua ya 4: Safari

Asile wala asinywe, maana huenda akapigwa nusukaputi. Akae kichwa kikiwa juu, asiiname, asibebe mzigo, asipenge kamasi. Andika saa alipoumia. Kama mnacho kipande cha kitu kilichomchoma, kibebeni.

Mkiwa zahanati, wenzangu: pimeni uoni wa kila jicho, hata kama ni kuhesabu vidole tu, na muandike. Chanjo ya pepopunda. Dawa ya kuzuia kutapika, kwa sababu kutapika mara moja kunaweza kusukuma nje kilichobaki ndani. Antibaiotiki ya mishipa au vidonge, kwa mwongozo wenu. Kisha rufaa ya leo leo, kwa daktari wa macho anayepasua. Jeraha linatakiwa lishonwe ndani ya saa 24, kabla usaha haujapata nafasi. Na kama kuna wasiwasi wa chuma, asiingizwe kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha kwa sumaku. Sumaku itakisogeza.

Hatua ya 5: Baada ya kushonwa

Watu wengi huacha kliniki wakishatolewa nyuzi, nami hapo hugomba kidogo. Mara chache, miezi au hata miaka baadaye, mwili huligeukia jicho la pili, lile lisiloumia, na kulishambulia. Louis Braille alijichoma jicho kwa msharasi akiwa na miaka 3, mwaka 1812, katika karakana ya baba yake huko Coupvray, Ufaransa. Akiwa na miaka 5 alikuwa haoni kwa yote mawili. Leo dawa zipo, ila zinataka kuwahiwa: jicho lisiloumia likiwa jekundu, likikimbia mwanga au likiona ukungu, njoo siku hiyo hiyo.

Kinga

Miwani ya kazi iwe ya polikaboneti, yaani plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi, yenye kuziba pembeni. Ya jua haifai, na ya kioo ikivunjika inakuwa vipande vingine vya kukuingia. Kichwa cha tindo kikichanua kama uyoga, kisage kabla ya kugonga tena. Miwani iwe miwili: fundi anashika nyundo, lakini anayeshika tindo, uso ukiwa karibu, ni saidia fundi, na mara nyingi ndiye ninayempokea.

Nyumbani, angalia upinde ambao watoto huutengeneza kwa njiti za mwavuli mbovu. Mwavuli ukivunjika, njiti zake zitupe chooni siku hiyo hiyo.