Utafiti wa pamoja na wizara ya ulinzi: malizeni haya kabla ya kugusa data

Utafiti wa sera unaofanywa na chuo kikuu pamoja na vyombo vya ulinzi huvunjika zaidi pale matokeo yanapotaka kuchapishwa. Kosa lenyewe hufanyika mapema, siku makubaliano yanapotiwa saini bila kueleza nani anaruhusiwa kutoa nini hadharani.

Anzeni kwa kubana swali. "Usalama wa mipaka" ni mada, haijawa swali. "Doria za pamoja za polisi na jeshi zinaathiri vipi utayari wa wakazi kutoa taarifa?" linajibika, na ofisa wa wizara anaona linamgusa wapi. Mwombeni aandike ni uamuzi gani unangoja jibu hilo, na lini. Ripoti inayofika wiki mbili baada ya bajeti kupitishwa huishia kabatini, hata iwe nzuri namna gani.

Kisha kaeni na kifungu cha uchapishaji hadi kieleweke. Kiseme hivi: wizara itapewa rasimu na siku 30 za kuipitia, itaweza kuomba kuondolewa kwa taarifa za siri tu, ikitaja ukurasa na sababu, siku zikipita bila jibu, watafiti wako huru kuchapisha. Kila sehemu ina kazi yake. Ukomo wa siku huzuia rasimu kulala mezani kwa mtu aliye safarini. Kutaja ukurasa huzuia pingamizi la jumla. Msikubali maneno "hakitachapishwa chochote bila idhini ya wizara", kwa sababu ofisa akinyamaza tu, bila nia mbaya yoyote, kazi nzima imekufa. Siri halali ya ulinzi lazima itunzwe, na mtafiti asiyeiheshimu hafai kazi hii. Lakini matokeo yasiyopendeza hayawi siri kwa kutopendeza kwake.

Tumieni vyanzo vya wazi kadiri iwezekanavyo: hansadi (kumbukumbu za mijadala ya bunge), bajeti, hukumu za mahakama, mahojiano. Mwanafunzi asijenge tasnifu juu ya nyaraka za siri. Mtahini ambaye hajafanyiwa upekuzi, yaani uchunguzi wa kiusalama wa kumruhusu kusoma siri, hawezi kuisoma. Nyaraka hizo zikihitajika kweli, mtafiti mmoja au wawili waombe upekuzi mapema, maana huweza kuchukua miezi, na wazisomee wizarani bila kutoka na nakala.

Hata vyanzo vya wazi vina hatari yake: vipande visivyo na siri vikiunganishwa vinaweza kuizaa. Novemba 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya simu ya kurekodi mazoezi, ilichapisha ramani ya dunia ya mazoezi ya watumiaji wake, bila majina. Januari 2018 wachambuzi wakaona humo njia za kukimbilia zilizochora kambi za kijeshi nchini Syria na Afghanistan. Kwa hiyo, kabla ya kuweka data zenu wazi, mpeni mtu asiye kwenye timu ajaribu kuziunganisha na ramani na taarifa nyingine zinazopatikana bure.

Kwenye mahojiano, tatizo kubwa ni ridhaa. Askari aliyeamriwa kuhudhuria hajaridhia. Kamanda asichague wahojiwa, asikae chumbani, wala asijue nani alikataa. Kuficha jina pekee hakutoshi: cheo, jinsia na kituo vikiandikwa pamoja humtaja mtu waziwazi. Kundi lenye watu wasiofika watano liunganisheni na jingine kabla ya kulitolea takwimu. Warsha ziendesheni kwa kanuni ya Chatham House, iliyoanza mwaka 1927: yaliyosemwa yanaweza kutumika, lakini msemaji na taasisi yake hawatajwi.

Mfadhili atajwe kwa kila mhojiwa na kwa kila mshirika wa nje tangu barua ya kwanza. Mradi wa Camelot, uliofadhiliwa na jeshi la Marekani kuanzia 1964 kuchunguza vyanzo vya maasi ya ndani, ulifutwa Julai 1965 baada ya wasomi wa Chile kugundua kwamba nyuma ya mwaliko waliopewa kulikuwa na jeshi. Wanasayansi ya jamii wa Marekani waliofanya utafiti Amerika ya Kusini waliendelea kutiliwa shaka muda mrefu baadaye, wakiwemo wasiohusika kabisa.

Maofisa wa jeshi huhamishwa mara kwa mara. Wekeni watu wawili wa mawasiliano upande wa wizara, mmoja wao raia, na kila kilichokubaliwa kwa mdomo kiandikwe kwenye barua pepe siku hiyohiyo; ofisa mpya hatafungwa na ahadi asizozikuta kwenye faili.

Ripoti ndefu iambatane na muhtasari wa sera wa kurasa 2 hadi 4, mapendekezo yakiwa ukurasa wa kwanza, kila moja likitaja ofisi inayopaswa kulitekeleza. Mbinu za utafiti zikae mwishoni. Uwasilisheni kwa mkutano kwanza, kisha uacheni mezani, maana maswali ya watekelezaji ndiyo yatakayowaonyesha pendekezo lipi halijakamilika.