Somo: Kukadiria sarafu za urithi kabla ndugu hawajagawana

Kopo la sarafu likitolewa chini ya kitanda cha bibi, iwe Marangu au Usa River, mtu hukimbilia limau na majivu ili zing'ae. Tafadhali msifanye hivyo. Weusi ulio juu ya fedha mara nyingi huonyesha kwamba uso wa sarafu haujaguswa. Ukiusugua unaacha mikwaruzo myembamba, na mnunuzi anayejua ataiona mara tu akiigeuza chini ya taa. Hapo bei ya mkusanyaji imeondoka, imebaki bei ya madini.

Hatua ya 1: orodha. Tandika taulo mezani, shika kila sarafu kwenye ukingo. Andika maneno yaliyomo, mwaka, herufi ndogo na uzito, kisha piga picha pande zote mbili. Kila upande wa familia uwe na mtu mezani. Bila orodha hii, ugomvi unaanza siku moja tu baada ya mgao.

Hatua ya 2: mafungu. Rupia za Kijerumani za 1890 hadi 1902 zina Kaisari Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma, na upande wa pili nembo ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki yenye simba na mnazi. Kuanzia 1904 rupia iligawanywa kwa heller 100 (ndipo lilipotoka neno letu hela) badala ya pesa 64. Hapo tafuta herufi inayoonyesha mahali ilipogongwa: A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora. Rupia mbili, sarafu kubwa ya gramu 23.32, ilitoka 1893 na 1894 tu, kwa hiyo itengeni peke yake. Fungu jingine ni rupia za India, na jingine shilingi na senti za Afrika Mashariki kuanzia 1921. Reale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria, ina mwaka 1780 hata ikiwa imegongwa karne ya 20, kwa hiyo mwaka ule hauthibitishi umri.

Hatua ya 3: mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01. Rupia nzima ni gramu 11.66, nusu 5.83, robo 2.92. Reale ni 28.07. Iliyochakaa hupungua kidogo. Iliyozidi ndiyo ya kutilia shaka.

Uzito ukikubali, jaribu maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa chini wala pembeni. Rupia halisi itasoma karibu 1.13. Gawanya 11.66 kwa 1.13, utapata 10.3, yaani rupia ni nzito karibu mara 10.3 kuliko maji ya ujazo uleule. Shaba na nikeli hutoa karibu 8.9. Povu likishika sarafu, namba ya majini hupanda na fedha halali huonekana bandia, kwa hiyo itikise uzi kidogo kwanza. Robo rupia msiihukumu kwa njia hii: kosa la 0.01 tu linavuruga jibu lote. Mkimaliza, ikausheni kwa kuibonyeza na kitambaa, bila kufuta.

Hatua ya 4: bei mbili. Bei ya chini ni fedha safi iliyomo: sehemu 0.917 ya rupia ni fedha safi, kwa hiyo 11.66 × 0.917 ni gramu 10.69. Bei ya juu chukueni kwenye minada iliyokwisha kuuza. Tangazo la mtu anayeomba bei yake si kipimo. Na anayekadiria asiwe ndiye anayenunua.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, shikamoo. Kuna mtu Moshi mjini anasema rupia yetu ina zebaki ndani na inauzwa mamilioni. Kweli?

Marahaba. Si kweli. Rupia iligongwa kutoka kipande kimoja cha fedha na shaba, haina uwazi wa kubeba zebaki. Akiomba pesa ya "kupima", ondokeni na sarafu yenu.

Nina shilingi za 1944 na 1949, zote zina simba. Mbona hazilingani rangi?

Ya 1944 ina robo fedha, karibu gramu 1.94 kati ya 7.78. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Zote ni nyingi, zisikutoe usingizi.

Senti kumi ya tundu, 1936, imeandikwa Edwardus. Ni adimu?

Huyo ni mfalme Edward VIII wa Uingereza, alitawala chini ya mwaka mmoja, ndiyo maana wakusanyaji huitaka. Lakini ziligongwa nyingi. Safi isiyotumika ina bei. Iliyolika ni kumbukumbu.

Tumepata sarafu ya dhahabu ya Tabora, 1916, yenye tembo.

Halisi ni rupia 15, gramu 7.17, upana wa milimita 22. Nakala zake ni nyingi sana. Msiiuze kwa sonara wa mtaani. Pimeni uzito, tumeni picha kwa nyumba ya mnada, msiipeleke yenyewe.

Rupia ya bibi ina kitanzi cha mkufu kilichochomelewa. Tukiondoe?

Hapana. Moto na tupa huacha kovu kubwa kuliko kitanzi. Ihesabuni kwa uzito wa fedha mkitoa kitanzi, na kama bibi aliivaa, apewe mjukuu atakayeivaa.