TV inapepesa taa nyekundu tu? Kagua kapasita kabla hujanunua bodi

Habari zenu wakuu. Hapa Kirumba, Mwanza, TV bapa nyingi ninazoletewa zina ugonjwa mmoja: taa nyekundu inapepesa, ndani inalia tik-tik, picha haiji. Nyingine huwaka, ila hadi ikae kwenye umeme nusu saa. Mwenye TV keshaambiwa anunue bodi nzima, kumbe mara nyingi ni kapasita (vile vikopo vidogo vya kutunza umeme kwenye bodi) mbili tatu za hela ya chai.

Tafuta bisibisi ya nyota, mita ya kupimia umeme, pasi ya kulehemu ya wati 40 au 60, waya wa lehemu, pampu ya kunyonyea lehemu, na balbu ya kizamani ya wati 60 kwenye holda yenye nyaya mbili.

1. Chomoa plagi ukutani. Kuzima kwa rimoti si kuzima. Laza TV kifudifudi juu ya blanketi, maana kioo kikipasuka hakuna fundi. Fungua mgongo. Ukikuta wadudu wa ziwani wamejaa humo usishangae, wanafuata mwanga usiku. Wafagie kwa brashi kavu.

2. Hapa someni mara mbili. Kwenye bodi ya pawa, ile inayopokea waya wa umeme, ipo kapasita nene ya 400V au 450V. Umeme wa volti 230 ukishageuzwa kuwa DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) hufika kama volti 325 humo, na hubaki hata baada ya kuchomoa. Pima miguu yake kwa mita. Ikisoma zaidi ya volti 10, gusisha nyaya za balbu kwenye miguu hiyo kwa sekunde kadhaa, kisha pima tena. Mimi zamani nilitumia bisibisi: ililia kama baruti, ncha ikameguka.

3. Tazama kapasita ndogo za upande wa volti ndogo, kwa mfano 1000µF 10V (µF ni mikrofaradi, kipimo cha uwezo wa kapasita kutunza umeme). Nzima ina kichwa bapa. Iliyovimba au kuvuja imekufa. Piga picha kabla ya kung'oa.

4. Weka mpya: µF ileile, volti sawa au zaidi, inayohimili joto la 105°C. Mstari wa ubavuni ni hasi. Ukigeuza, italipuka.

5. Rudisha bodi, funga, washa.

MASWALI

– Shikamoo fundi. Nipo Nansio, dukani ipo ya 25V, yangu ni 10V.
– Marahaba. Weka, mradi µF ni ileile na inaenea, maana huwa nene zaidi. Kinyume chake usithubutu.

– Mkuu, yangu sauti ipo, picha hakuna.
– Zima taa za chumbani, mulika kioo kwa tochi ya simu kutokea pembeni. Ukiona picha kwa mbali, taa za nyuma ya kioo ndizo hazipati umeme au zimekufa. Hilo ni somo jingine.

– Fyuzi ilikatika, nikaunga kwa waya, ikatoa moshi.
– Kaka! Fyuzi haikatiki bure. Kuna kitu kimepiga shoti, pima dayodi (inayopitisha umeme upande mmoja) na mosfeti (swichi ya kielektroniki) za bodi ya pawa. Huo waya utoe leo.

– Na TV ya chogo?
– Hiyo usiifungue. Bomba la picha hushika volti zaidi ya 20,000, na huweza kubaki nazo hata ikichomolewa. Iletwe kwa fundi.