Mtama mweupe badala ya mahindi kwenye chakula cha kuku wa mayai

Huku Kongwa mvua ikikata mapema, mahindi yanakauka na mtama unasimama. Ndiyo maana nafaka ninayowalisha kuku wangu wa mayai kwa sehemu kubwa ni mtama mweupe, na wanataga vizuri. Wafugaji wengi wanauogopa kwa kuwa wamesikia mtama unadumaza kuku. Upo kweli unaodumaza, na upo usio na shida yoyote, kwa hiyo kazi inaanzia sokoni.

Kinachodumaza ni tanini. Inashikana na protini tumboni, kuku anashiba lakini mwili haupati kitu. Imo kwenye utando wa kahawia ulio chini ya ganda la punje, hasa katika mtama wa pombe. Wapo wanaoupanda makusudi, maana ndege aina ya kweleakwelea hawaupendi. Mtama wa ugali kama Macia, Tegemeo au Pato hauna shida hiyo.

Kwa hiyo ukifika kwa muuzaji, uliza matumizi: "Shikamoo mama. Huu ni wa ugali au wa pombe?" Kisha hakikisha mwenyewe. Lowanisha punje chache, ukwangue ganda taratibu kwa ukucha au wembe. Ukikutana na weupe moja kwa moja, nunua. Ukikuta utando wa kahawia kabla ya weupe, acha. Tafuna na nyingine: ukisikia ukakasi kama wa ndizi mbichi, huo si wa kuku. Usihukumu kwa rangi ya nje tu, kwa sababu upo mtama mwekundu usio na tanini.

Ng'ata punje pia. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, ina unyevu na itaota ukungu ghalani. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haichagui nafaka. Mwaka 2016 iliua watu hapa Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Mimi nafaka yenye ukungu siinunui hata kwa bei ya kutupa. Na mbegu ya dukani iliyotiwa dawa isiingie kwenye chakula kabisa.

Kwa kilo 100 za chakula cha kuku wanaotaga, mimi nachanganya hivi:

Mtama mweupe kilo 45
Mahindi kilo 10
Pumba za mahindi kilo 9
Mashudu ya alizeti kilo 14
Dagaa kilo 6
Soya iliyokaangwa kilo 6
Chokaa ya mifugo kilo 8
Unga wa mifupa kilo 1.5
Premiksi ya kuku wa mayai (vitamini na madini) gramu 250
Chumvi gramu 250

Hapo protini inakaribia asilimia 16. Mtama una protini kuzidi mahindi kidogo, na nishati yake inapungua kidogo tu, lakini laisini, kijenzi kimoja cha protini, ni haba kote kuwili. Ndiyo maana nawasihi wenzangu: msipunguze dagaa na soya eti kwa sababu mtama una protini. Soya ikaangwe kweli, mbichi inazuia usagaji wa protini tumboni.

Mashineni mwambie kijana aparaze, asisage unga. Punje za mtama ni ndogo, chekeche kubwa inazipitisha nzima. Chekeche ndogo nayo inatoa vumbi linaloganda mdomoni mwa kuku. Nataka kila punje ivunjike vipande viwili au vitatu. Premiksi na chumvi changanya kwanza na pumba kidogo kwenye beseni, ndipo umwage kwenye rundo, la sivyo kuku mmoja anapata yote na mwingine hapati.

Usibadilishe kwa siku moja. Kwenye sehemu ya nafaka, anza na robo ya mtama na robo tatu ya mahindi, ongeza kila baada ya siku tatu au nne. Mayai yakipungua, simama hapo hapo mpaka yarudi.

Kuhusu rangi ya kiini cha yai, ushauri mwingi unatoka nchi zinazolisha mahindi ya njano, ambako mtama hupausha kiini. Mahindi yetu ni meupe, hayakuwa yanatia rangi tangu mwanzo. Rangi inatoka kwenye majani. Ninaning'iniza mafungu ya mchicha au matembele bandani kila asubuhi, na majani makavu ya mlonge nayatwanga ndani ya chakula.

Uwele nao ni mzuri, protini yake inauzidi mtama, ila kwetu bei yake hupanda haraka. Ukiupata kwa bei nzuri, toa kilo 15 za mtama uweke uwele. Wenye chenga za mchele kule Ifakara au Mbeya watumie, ila waongeze majani, hazina rangi kabisa.

Jambo moja la hatari: siku hizi watu wanaotesha nafaka kwenye trei kuwapa kuku majani. Usioteshe mtama. Chipukizi lake lina sianidi, ni sumu. Kwa kuotesha, tumia mahindi au ngano.